Saksafoni na Shairi la Kiajemi

Al Amerat, Maskati
9 Septemba 1997

Dada yangu Mastura,

Assalaam alaykum.

Sina udhuru wa kutosha. Barua yako ya mwezi wa Mei ilinifikia salama, nikaisoma, nikaiweka juu ya meza, na tangu hapo kila Ijumaa nimekuwa nikisema nitakujibu. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Nilikuwa na jambo ambalo sikujua nikueleze vipi, na mtu asiyejua sentensi yake itaishia wapi ni bora asiianze. Nisamehe.

Nyumbani sote hatujambo. Shemeji yetu Ibtihal, mjane wa marehemu ndugu yetu Aflah, yuko nami hapa na bintiye Nouf. Kila asubuhi Nouf anapanda mlima na gari lake kwenda kazini Qurum, na jioni anarudi akilalamikia foleni. Posa uliyoisimamia wewe bado iko pale pale. Saeed bin Murshid ni kijana mstaarabu, na ndoa tumekubaliana iwe baada ya Idi.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka kwamba Ibtihal ni mtoto wa Waajemi wa Matrah. Mama yake alikuwa akiimba mashairi ya kale ya Kiajemi huku akichambua mchele, naye akamrithisha Nouf. Muda wote yalipobaki jikoni sikuwa na la kusema. Mwezi wa Aprili Nouf akanijia sebuleni.

“Ami, kuna watu watatu kule Qurum wanapiga jazi. Wanataka niimbe nao mashairi ya bibi.”

Nikamuuliza: “Jazi na bibi yako wamekutana wapi?”

Akajibu: “Bado hawajakutana, ami. Ndiyo tunajaribu.”

Nilikataa. Hakununa, alikwenda akaniletea kahawa. Baada ya siku chache akauliza tena kama mtu ambaye hajapata kuuliza. Mara ya tatu nikasema nitakwenda mwenyewe kusikia, na nia yangu ilikuwa nikatae kwa hoja.

Wanakutana Jumanne alasiri nyumbani kwa mhandisi mmoja wa Kiingereza, ambaye ndiye mpiga saksafoni. Piano anapiga mzee wa Kigoa. Ngoma anapiga Hatem, kijana wa Kiomani ambaye wazee wake walitokea Bujumbura. Kiswahili chake kina makosa mengi, lakini adabu anayo: aliniamkia kwanza, akanitafutia kiti kisicho mbele ya kipoza hewa.

Nouf alipoanza kuimba nikasikia kosa katika ubeti wa mwanzo. Wewe unajua kwamba sisi katika ushairi wetu tunahesabu mizani; Waajemi, kama Waarabu, wanapima sauti fupi na sauti ndefu. Alifupisha pasipofupishwa. Nikamsimamisha. Nikagonga kipimo sakafuni kwa bakora yangu: fupi, ndefu, ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Akarudia, nami nikaendelea kugonga mpaka mwisho wa ubeti. Mara nikasikia kitu kinanifuata. Hatem alikuwa ameshika vifagio vyake vya waya anavisugua juu ya ngoma, sawasawa na bakora yangu.

“Mzee, usiache! Endelea hivyo hivyo!”

“Mimi sipigi ngoma,” nikamwambia. “Nasahihisha.”

“Basi sahihisha hivyo hivyo, mzee!”

Tangu siku hiyo nakwenda kila Jumanne, kwa sababu mbili: msichana asikae na wanaume peke yake, na shairi lisiharibiwe. Wanataka kufanya onyesho moja mwezi wa Februari katika ukumbi wa hoteli huko huko Qurum. Sijatoa idhini. Naomba jambo hili libaki kwako mpaka nitakapolipatia mwisho wake.

Wasalimie wote Unguja.

Nduguyo,
Sleiman bin Marhoon


Vuga, Unguja
1 Oktoba 1997

Kaka Sleiman,

Alaykum salaam. Barua yako imefika, lakini khabari zako zimeitangulia.

Unanambia libaki kwangu. Libaki wapi, kaka? Bi Khole, mke wa Murshid, yuko hapa Unguja tangu mwezi uliopita, kaja kuwatizama jamaa zake. Wiki mbili nyuma kanijia, kavua buibui, kakaa, hata maji hajanywa, ananuliza: “Mastura, hivi kweli kakako anapiga ngoma hotelini?”

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, kaka yangu mimi hata makofi hapigi harusini, itakuwa ngoma! Akanambia dereva wao anajuana na huyo kijana wa Kibujumbura, na huyo kijana anajisifu kila mahali kuwa ana mzee mwalimu anayempa mapigo. Halafu wiki ya pili ndo barua yako inafika, nakuta ni wewe kweli na bakora yako! Uso nitauweka wapi?

Na jazi, kaka! Wee umesahau? Sisi jazi tunaijua. Jazi ni ukumbi, ni taa nyekundu, ni watu wamekumbatiana, na baba alivyokuwa akitupitisha njia ya nyuma ili tusitazame mlangoni. Leo mtoto wa Aflah ndo aimbe mle? Tena Bi Khole kasikia kuwa hayo mashairi yenyewe yanasifu mvinyo. Nikamwambia wewe huwezi kukaa panaposifiwa mvinyo. Nimekosea?

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa hapana mchezo. Murshid kampa mkewe neno aniletee. Anataka kujua kabla ya Idi: Nouf anaacha kuimba mbele za watu, au haachi? Hataki neno la mtoto, anataka neno lako wewe walii wake, unayemuozesha. Akiacha, mambo yote kama tulivyopanga. Asipoacha, wanarudi nyuma. Na posa hii, kaka, niliisimamia mimi kwa mdomo wangu. Nyumba ile nimekula chumvi yake miaka, tangu nilipokuwa huko Maskati.

Nijibu upesi. Sio kwa mtindo wako wa Mei mpaka Septemba.

Na umwambie Ibtihal wifi yangu nna hamu naye, lakini nna ugomvi naye pia. Angemfundisha mtoto kupika.

Mastura


Al Amerat
25 Oktoba 1997

Dada yangu Mastura,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa msafiri. Nakujibu kwa utaratibu, kwa kuwa umeyachanganya mambo.

Kwanza, sikupiga ngoma. Nilipima shairi kwa sauti, na mtu mwingine akakifuata kipimo changu. Ikiwa muadhini ana sauti nzuri na mtoto akaigeza mtaani, hatusemi kwamba muadhini anaimba mtaani.

Pili, jazi hii si dansi. Hapana anayecheza. Watu wanakaa vitini kimya, na nadhani hilo lingemshangaza hata baba.

Tatu, mvinyo. Washairi wale wa kale wameutaja sana, na wanazuoni wamekwisha kueleza walikusudia nini. Lakini shairi analoliimba Nouf halina tone la mvinyo. Ibtihal amenifasiria, kwa kuwa mimi katika Kiajemi nasoma herufi tu na kupima. Mtu amesimama nje ya bustani, anamwambia mwenye bustani: sikuombi unifungulie lango, niachie tundu ukutani, nijue tu kama mawaridi yamechanua. Beti zake saba ni hayo hayo.

Nataka ujue pia linavyoimbwa, ili usiwe ukimsikiliza Bi Khole peke yake. Kwa Waajemi kuna mahali katika wimbo ambapo mapigo yote hunyamaza. Mwimbaji huachiwa sauti yake ipande na kushuka apendavyo, na akimaliza mstari, chombo kimoja humjibu. Ibtihal anasema kwao hiyo ni kazi ya filimbi ya mwanzi. Hapa anayejibu ni Mwingereza na saksafoni yake. Mwanzo alikuwa akijibu mapema mno, kabla mstari haujatua, nami nikamwambia kupitia kwa Nouf: mtu hakatizwi maneno. Sasa anangoja. Anangoja hata zaidi ya nilivyotaka, kisha anasema kitu kifupi, chini kabisa, na mzee wa Kigoa anaweka vidole viwili tu kwenye piano kama anayeitikia amin. Sisi tulifundishwa kwamba asiyejua lugha hawezi kujibu katika lugha. Bado naamini hivyo. Lakini huyu hajui neno hata moja la Kiajemi, na sijamsikia akijibu upuuzi.

Kuna jambo jingine ambalo linanikosesha raha. Jumanne iliyopita niligeuka nikamkuta Saeed amekaa nyuma, karibu na mlango. Alisimama kwa haraka.

“Nimekuja kumchukua Nouf, ami.”

“Nouf ana gari.”

Akatazama viatu vyake. Kumbe si mara yake ya kwanza. Anatoka kiwandani Rusayl mapema, anapita pale kusikiliza, kisha anakwenda kwao kama anayetoka kazini. Akanifuata mpaka nje. “Ami, mwambie baba kwamba Nouf ameacha. Tukishaoana tuna nyumba yetu. Baada ya mwaka nani atauliza?”

Nikamjibu: “Ndoa haifungwi juu ya neno bovu.”

“Si neno bovu, ami. Ni neno la kupita tu.”

Nilimfundisha Kiarabu miaka mitatu, na siku zote alikuwa akitafuta njia ya kukwepa swali gumu. Lakini nilimwona alivyokuwa akimsikiliza Nouf, na siwezi kusema kwamba ni kijana mbaya.

Kuhusu swali la Murshid, nitalijibu wakati wake utakapofika.

Nduguyo,
Sleiman


Qurum
18 Novemba 1997

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii naiandikia ofisini, na nakuomba ukishaisoma usimwambie ami kwamba nimekuandikia.

Najua Bi Khole amekuuliza nini, Saeed ameniambia yote. Na najua unangoja jibu la ami. Shangazi, ami hatajibu. Kila nikipita mbele yake ananitazama kama anataka kusema, halafu ananiuliza kama gari nimelitia mafuta.

Nilidhani atakataa tangu siku ya kwanza, na ingekuwa rahisi. Badala yake anakuja kila Jumanne, anakaa na bakora yake, ananikatiza. “Refusha hapo.” “Usiimeze hiyo herufi.” “Rudia.” Miezi yote hii hajaniambia hata mara moja kwamba nimeimba vizuri. Mama anasema ndivyo alivyo. Mimi naona anakusanya makosa yangu, yakitimia ndiyo anikataze. Hatem anamcheka, anasema mzee wako ni mtihani wa serikali.

Sasa nimechoka kungoja. Nimefikiri peke yangu. Saeed nampenda, na najua hawezi kusimama mbele ya baba yake. Sitaki aanze maisha na mimi kwa kugombana na wazee wake. Basi nimeamua naacha. Mwambie Bi Khole kwamba nimeacha, iwe neno kutoka kwako. Jumanne nitaendelea kwenda mpaka Ramadhani ili ami asishtuke na kuniuliza maswali, maana akiniuliza uso kwa uso nitalia, na nikilia ataniambia nimalize sentensi.

Usinionee huruma, shangazi. Ni nyimbo tu. Zamani nilikuwa nikiimba garini njia nzima, nikipanda mlima sauti inapanda nao. Siku hizi nazima hata redio, nataka nizoee. Bado sijazoea, lakini nitazoea.

Mama anakusalimu. Anajua, lakini anajifanya hajui.

Mwanao,
Nouf


Vuga, Unguja
14 Desemba 1997

Kaka Sleiman,

Nimengoja, nimengoja. Kila ndege ikitua kutoka Maskati natuma mtu uwanjani. Hapana barua.

Sasa mie nimefanya kama tulivyofunzwa. Mwari akiulizwa kuhusu mume akinyamaza, si ndo keshakubali? Wanazuoni wenyewe wanasema kimya chake ni idhini yake. Nawe nimekuuliza, ukanyamaza. Nimeuchukua unyamavu wako kuwa ni idhini. Bi Khole karudi Maskati wiki iliyopita, nami nimempa neno: Nouf keshaacha, na kaka yangu karidhia.

Usinikasirikie. Nna sababu zangu ambazo siwezi kuziandika hapa, na siku moja utanishukuru. Wewe fanya moja tu: nyamaza vile vile kama ulivyokuwa umenyamaza. Usiende kwa Murshid. Usimsahihishe mtu yeyote. Mtoto aolewe kwa kheri, sote tupumue.

Ramadhani njema. Nakutumia iliki na mdalasini kwa mkono wa mjukuu wa jirani.

Mastura


Al Amerat
6 Februari 1998

Dada yangu Mastura,

Barua yako ilinifikia katikati ya Ramadhani. Sikuijibu ndani ya mwezi mtukufu kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira hata sarufi yake huwa mbovu. Leo nakueleza yaliyotokea, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu.

Sikufuata ushauri wako. Siku ya tatu ya Idi nilikwenda kwa Murshid nyumbani kwake Qurum. Alinipokea kwa furaha, halwa ikaletwa, kahawa ikaletwa, akanipongeza kwa kumlea mtoto wa ndugu yangu katika heshima. Maneno hayo yalinishinda. Nikaweka kikombe chini.

“Neno ulilopewa si langu,” nikamwambia. “Nouf hajaacha. Alkhamisi ya wiki ijayo wana onyesho, na mimi sijamkataza.”

“Kwa hiyo dada yako amesema uwongo?”

“Dada yangu alidhani. Kimya changu alikisoma vibaya, na kosa la kunyamaza ni langu.”

Nilitazamia apandishe sauti. Hakupandisha. Alimwambia mtoto wa jirani aliyekuja kuchukua idi yake aende nje, na maneno aliyoyasema nakuandikia kama yalivyo.

“Mwalimu, mimi sina ugomvi na shairi. Tulipokuja hapa kutoka Unguja wewe ulikuwepo. Tulipofungua vinywa watu walicheka. Walitwambia sisi Waarabu gani, Kiarabu chetu cha sokoni. Nimekaa zaidi ya miaka ishirini naziba midomo ya watu: kwa kazi, kwa nguo, kwa namna ninavyotoa salamu. Leo mkwe wangu apande jukwaani, aimbe Kiajemi, kwa saksafoni ya Mwingereza, na ngoma ya kijana wa Bujumbura? Watasema, si tuliwaambia?”

Wewe unajua, Mastura, nilivyojifungia mwaka wa kwanza na vitabu vya nahau ya Kiarabu, nisipate kukosea irabu moja mbele ya mtu. Ukali wangu wote ulizaliwa katika khofu hiyo hiyo ya Murshid. Nilikuwa nimekwenda kumsahihisha, nikajikuta namwelewa.

Mwisho akasema: “Nyumbani aimbe atakavyo, hata usiku kucha, simkatazi. Jukwaani hapana. Na sasa sitaki tena neno lako wala la dada yako. Nataka la kwake, kwa kinywa chake, kabla ya Jumatano ya wiki ijayo. Akisema anaacha, nitamwamini. Akisema haachi, basi kila mtu na njia yake, na heshima yenu iko pale pale.”

Nilirudi nyumbani nikidhani nimefanya jema zito. Nikamwita Nouf na mama yake, nikawaeleza. Nouf alisimama.

“Nani alikutuma, ami?”

“Sikutumwa. Lilikuwa neno la uwongo.”

“Halikuwa la uwongo. Lilikuwa langu! Mimi nilimwandikia shangazi. Nilikuwa nimeacha. Nilikuwa nimeshamaliza na nafsi yangu, nimeshalia, nimeshanyamaza, na wewe umekwenda kunisahihisha mbele za watu kama daftari la mtoto.”

Basi hapo ndipo nilipoelewa sababu ulizoshindwa kuziandika. Sikukukasirikia, au nilikukasirikia, kisha ikapita. Ulimhifadhia mtoto siri yake, na mimi nimeivunja bila ya kuijua. Ibtihal aliinamisha kichwa. Alikuwa akijua tangu mwanzo. Katika nyumba hii mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, na mimi ndiye niliyekwenda kusema.

Nikamuuliza Nouf kama Saeed naye anajua. Akasema amezungumza naye kwa simu, na Saeed amesema atafuata lolote atakaloamua yeye Nouf, hata wakihamia Salala wakaanze huko.

“Amelisema hilo mbele ya baba yake?”

“Ameniambia mimi.”

Nouf mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kidogo kisicho na furaha. “Namjua, ami. Nampenda hivyo hivyo.”

Kisha akakaa mbele yangu, akaniuliza jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza.

“Ami, Jumanne zote zile ulikuwa ukija kunitafutia makosa?”

“Mwanzo, ndiyo.”

“Na baadaye?”

“Baadaye nilikuwa nikija kusikiliza.”

“Hukusema hata siku moja.”

“Mwalimu hasemi pasipokuwa na kosa.”

“Basi mimi ningejuaje?”

Mastura, nimefundisha miaka thelathini na tano. Nimesahihisha maelfu ya watoto, na wote niliowanyamazia nilidhani wamefahamu kwamba wamefanya vizuri. Nikamwambia tu ukweli, kwa maneno niliyokuwa nayo: kwamba anapofika pale mapigo yote yanaponyamaza, na sauti yake inabaki peke yake juu ya ule mstari wa tundu la ukuta, mimi husahau kupima. Kwamba nitasikitika asipoimba. Kwamba nitasikitika pia asipoolewa na Saeed, kwa kuwa ni kijana mwema mwenye uti wa mgongo mlaini, na uti mlaini huenda ukakomaa.

“Hilo si jibu, ami. Umenipa pande zote mbili.”

“Najua.”

Alilia hapo, akasema nisimwambie amalize sentensi, nami sikumwambia. Sijui alilitoa wapi wazo kwamba ningemwambia hivyo, lakini nilikuwa tayari nimefungua kinywa.

Sasa nakaa na khofu ambayo sikuizoea. Kunyamaza, nilinyamaza. Kusema, nimesema. Yote mawili yamemletea madhara. Naogopa kwamba kwa kumwambia naupenda uimbaji wake nimemvuta upande wangu, na akiikosa ndoa hii, miaka ijayo atakumbuka ni nani aliyemlainisha. Na naogopa zaidi kwamba ataacha, kisha atakaa na mumewe kwa heshima na utulivu, anapanda mlima na redio imezimwa, kama afanyavyo siku hizi nikiwa naye garini.

Jana Hatem alifika mlangoni kuuliza kama apeleke ngoma hotelini Jumatano au angoje. Nikamwambia angoje. Akaniuliza: “Mzee, na bakora yako utakuja nayo?” Nikamwambia hilo nalo lingoje. Hakutaka kuingia ndani. Alikaa garini kwa muda, kisha akaondoka.

Leo baada ya Ijumaa Nouf ameingia chumbani na mama yake. Sikualikwa, nami sikuomba kualikwa. Amesema hatanipa jibu mimi kwanza, wala Saeed, wala wewe. Atakapokuwa na neno atalipeleka mwenyewe kwa Murshid, kwa miguu yake, na mimi nitakwenda naye kwa sababu ni walii wake, lakini nimemwahidi kwamba humo ndani sitafungua mdomo, hata akikosea.

Usimwandikie, Mastura. Usimtumie mtu wala salamu zenye maana ndani yake. Muombee tu. Lolote litakalokuwa, uaibike wewe au niumie mimi, nitakuandikia siku hiyo hiyo atakapoamua, na safari hii sitakuweka mpaka Septemba.

Nduguyo,
Sleiman bin Marhoon